Kanisa dogo si kanisa la jana

Kila kata mpya inapoingia kwenye upimaji wa viwanja hapa Dodoma, maongezi hayachukui muda kufika kwenye makanisa. Wapimaji wanapita na bikoni zao, wananchi wanaitwa mkutanoni kwa mtendaji wa mtaa, na kabla mkutano haujafungwa atasimama mtu aulize: haya makanisa ya mabati yenye watu thelathini, arobaini, yanakalia viwanja kwa faida ya nani? Swali hilo limepata nguvu zaidi tangu mwaka 2023, ilipofukuliwa miili ya watu zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, pwani ya Kenya, wengi wao wakiwa wamefunga hadi kufa kwa maelekezo ya mhubiri wao. Kuanzia hapo, kwa watu wengi, kanisa dogo limekuwa kanisa la kutiliwa shaka. Likiwa dogo huhesabiwa kuwa ni jipya. Likiwa jipya huonekana halina mwenyewe. Na lisilo na mwenyewe huhofiwa kama hatari.

Naamini hesabu hiyo imekosewa tangu hatua yake ya kwanza. Udogo wa kanisa hautuambii lina umri gani, wala hautuambii kama viongozi wake wanawajibika kwa yeyote. Yapo makanisa madogo yaliyojisimamia vizuri kuliko makubwa, na sababu ya kutoyatambua ni kwamba historia yake haimo kwenye nyaraka tunazozoea kuzitafuta. Nitaeleza kwa mfano wa Wabaptisti, kwa kuwa kwao udogo umo ndani ya imani na utaratibu wenyewe, na kwa kuwa kanisa lao moja la pembeni ya jiji hili linaonyesha wazi tunachopaswa kuuliza kabla ya kuamua lipi libaki na lipi liondoke.

Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, ulifikiwa na injili zamani. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifungua kituo Mpwapwa katika miaka ya 1870, kwenye njia ya misafara ya kwenda bara, na baadaye kazi yao ikafika Kongwa na Mvumi. Mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika, makao yake yakawa Dodoma, na askofu wake wa kwanza alikuwa George Chambers kutoka Australia. Kwa upande wa Wakatoliki, mapadre wa shirika la Wapasionisti kutoka Italia walijenga parokia, shule na zahanati. Walutheri walishika sehemu za Singida, Wamoraviani wakashika Unyamwezi. Mashirika ya misheni yalikuwa yamegawana nchi kiasi kwamba kwa miongo mingi ungeweza kukisia dhehebu la mtu kwa kusikia tu kijiji alikozaliwa. Kila kanisa kati ya hayo lina ofisi kuu yenye makabati ya kumbukumbu, majengo ya mawe na picha za waasisi ukutani. Hiyo ndiyo sura ya historia ya kanisa tuliyokuzwa nayo katika mkoa huu, na kanisa lisilo na vitu hivyo tunaliona kama limeota juzi.

Wabaptisti walichelewa. Wamisionari wa Southern Baptist wa Marekani waliingia Tanganyika mwaka 1956, miaka mitano tu kabla ya uhuru, wa kwanza wakiwa wametokea kwenye kazi yao ya Nigeria. Walianzia Dar es Salaam, wakajenga hospitali ya kifua kikuu Mbeya, na mwaka 1962 wakafungua chuo cha theolojia Duluti, karibu na Arusha. Umoja wa kitaifa wa makanisa yao uliundwa mwaka 1971. Itazame ramani hiyo: Dar es Salaam, Mbeya, Arusha. Ugogo uko katikati yake, lakini hospitali haikujengwa hapa wala chuo hakikujengwa hapa. Kwa hiyo anayekwenda kutafuta mwanzo wa Wabaptisti wa Dodoma kwenye barua za wamisionari atarudi na kurasa chache, na ni rahisi kuhitimisha kwamba hapakuwa na kitu.

Kilichowaleta ni ajira. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huohuo, na mwaka 1976 ukatoka mpango kabambe uliochorwa na kampuni ya Kanada. Mji uliokuwa stesheni ya reli, soko na boma ukaanza kuhitaji waashi, maseremala, madereva, makarani na wauguzi. Watu wakaja kutoka Mbeya, Kigoma, Tabora, Iringa. Baadhi yao walikuwa Wabaptisti, na walipofika hawakukuta kanisa lao. Wengine walijiunga na Waanglikana, wengine na Wapentekoste, na wachache wakaanza kukutana sebuleni kwa mmoja wao jioni ya Jumapili.

Kanisa ninalolizungumzia lilianza hivyo, upande wa mashariki wa jiji. Sitalitaja jina kwa sababu shauri la kiwanja chake bado liko mezani. Kumbukumbu zake zote zimo ndani ya kaunta buku kadhaa zilizofungwa kwa kamba ya katani, zinazohifadhiwa nyumbani kwa katibu, ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, maana mchwa wa Dodoma hauchagui. Kurasa za mwanzo zimebandikwa barua za uhamisho. Ni barua fupi za mkono, za kanisa moja kwenda kwa lolote litakalompokea mshirika wake: huyu ni mwenzetu, alibatizwa kwa maji mengi baada ya kukiri imani, mwenendo wake ni mwema, tunamkabidhi kwenu. Barua moja ina muhuri wa kanisa la Mbeya. Nyingine haina muhuri, ina saini tatu za mashemasi na dole gumba moja. Waliofika na barua hizo walikaa pamoja, wakakubaliana kwa maandishi kuwa kanisa, wakachagua mashemasi, wakamwita mwinjilisti. Hakuna askofu aliyekuja kuwafungulia, na kwa imani yao hakuhitajika. Siku ile ya makubaliano lilikuwa kanisa kamili, na hakuna ngazi ya juu zaidi ambayo lingepanda kadiri watu wanavyoongezeka.

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kanisa la kwanza la Kibaptisti duniani lilikuwa kundi dogo la wakimbizi wa Kiingereza mjini Amsterdam mwaka 1609, wakiongozwa na John Smyth, wakiishi na kusali kwenye jengo lililokuwa tanuri la mikate. Tangu mwanzo huo walishikilia mambo mawili. La kwanza, kwamba anayebatizwa ni aliyeamini na kukiri mwenyewe. La pili, kwamba washirika wa mahali pamoja, wakiwa chini ya Kristo, ndio wenye kauli ya mwisho juu ya mambo ya kanisa lao: nani apokelewe, nani awekwe chini ya nidhamu, nani awe mchungaji na lini aondoke. Mambo hayo mawili yanaathiri moja kwa moja hesabu tunazofanya barabarani. Parokia ya Kikatoliki au ya Kianglikana inahesabu tangu kichanga aliyebatizwa wiki iliyopita, na ni haki yake kwa mafundisho yake. Kanisa la Baptisti linahesabu waliozama majini kwa hiari yao. Ukisikia kanisa lina washirika arobaini, Jumapili unaweza kukuta watu mia wameketi, nusu yao watoto, vijana wanaofundishwa na majirani ambao bado hawajaamua. Kulinganisha namba hizo mbili ni kulinganisha vitu tofauti. Tena nchi yetu haijauliza dini kwenye sensa tangu mwaka 1967, kwa hiyo hata anayesema kwa uhakika kanisa fulani ni kubwa au dogo anahukumu kwa ukubwa wa jengo.

Halafu kuna suala la kuzaa. Kanisa hili limetoa makanisa mengine mawili. Kila mara washirika wa upande mmoja wa bonde walipofika idadi ya kuweza kujisimamia, walipewa barua, wakapewa benchi kadhaa na sehemu ya fedha, wakaenda kuanza karibu na kwao. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa: wazee kushindwa kutembea, korongo kujaa maji masika, akina mama kutaka kuwahi shambani. Mara zote mbili kanisa lililobaki lilipungua karibu nusu. Mtu anayepima kwa kuhesabu vichwa ataandika kwamba kanisa hili limekaa miaka mingi bila kukua, wakati kaunta buku inaonyesha kwamba lilikuwa linajigawa kwa makusudi.

Na ukitaka kujua udogo huo ulifanya kazi gani, soma kikao kimoja tu. Mchungaji wa wakati huo aliomba fedha zilizochangwa kwa ajili ya mabati zitumike kwanza kununua pikipiki, ili aweze kufikia vituo viwili vya mahubiri. Ombi halikuwa baya. Mtunza hazina, mama aliyekuwa anauza dagaa sokoni Majengo, akasoma kiasi kilichopo na majina ya waliotoa, wakiwemo watu waliotoa debe la mtama kwa kukosa fedha taslimu. Wakajadili kwa kirefu; katibu ameandika hoja za pande zote. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, na pikipiki ikakataliwa hadi paa likamilike. Chini ya ukurasa kuna saini mbili, ya katibu na ya mchungaji yuleyule aliyeshindwa. Kikao kilichofuata ajenda ya kwanza ni kuchangia tairi la baiskeli yake.

Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kwa sababu una jibu la swali ambalo mjadala wa sasa unalikwepa. Mchungaji huyu angeweza kuzuiwa, na alizuiwa, na waliomzuia walikuwa watu anaowaombea na kuwazika. Mtu anayeuza dagaa aliweza kusimama mbele ya mtumishi wa Mungu akasema fedha hizi zilitolewa kwa kazi nyingine. Ni taasisi ngapi kubwa za dini, zenye kumbi za maelfu na vipaza sauti vinavyosikika kata nzima, ambamo mshirika wa kawaida anajua salio la akaunti, sembuse kuligombea?

Sasa tuzitazame hoja za wanaotaka makanisa madogo yabanwe, maana si zote za kupuuzwa. Iliyo nzito kuliko zote ni ya uhai na usalama. Serikali iliyoona Shakahola kwa jirani ikakaa kimya itakuwa imewatupa raia wake, hasa watoto, ambao hawakuchagua kanisa la wazazi wao. Hoja ya pili ni ya mipango miji, nayo ina uzito. Wakati wa sensa ya 2012 Manispaa ya Dodoma ilikuwa na watu 410,956; sensa ya 2022 ilikuta Jiji la Dodoma lina watu 765,179. Mji unaokaribia kuongezeka mara mbili ndani ya miaka kumi hauwezi kuacha kila kikundi kijenge kinapotaka, karibu na zahanati, ndani ya hifadhi ya barabara, chini ya dirisha la mgonjwa. Maeneo ya ibada yanatengwa kwenye ramani kama yanavyotengwa ya shule na masoko, na ni machache. Ipo na hoja ya tatu, ambayo Wabaptisti wenyewe inawapasa waisikilize: pasipo ngazi ya juu, kanisa likiharibika lote, mchungaji na walio wengi wakakubaliana kwenye uovu, hakuna wa ndani atakayeingilia. Makanisa mengine ya umoja wao yanaweza kushauri, yanaweza kuvunja ushirika, lakini hayawezi kuamuru. Hilo ni pengo la kweli, na sheria ya jinai ndiyo inayobaki kuliziba.

Hoja dhaifu ni ile inayosikika zaidi: weka kiwango cha chini cha waumini, dai shahada ya theolojia kwa kila mchungaji, walioshindwa waungane na makanisa makubwa, tatizo limekwisha. Rwanda ilichukua njia inayofanana mwaka 2018, ikaweka sheria ya elimu ya theolojia kwa wanaoongoza makanisa, na maelfu ya nyumba za ibada zikafungwa. Huenda kelele zilipungua na majengo yaliyobaki yakawa imara zaidi. Lakini ukitaka kuzuia Shakahola, unapaswa kutazama Shakahola ilikuwaje. Paul Mackenzie, mhubiri wa Shakahola, hakuwa mchungaji wa watu thelathini wanaomkatalia pikipiki. Alikuwa na matangazo ya televisheni, alikuwa na wafuasi kutoka kaunti mbalimbali waliouza mali wakamfuata, na ndani ya kundi lake neno lake halikuwa na wa kulipinga. Kiwango cha idadi ya waumini angekipita bila taabu. Kilichokosekana pale ni kikao ambacho mtu angeweza kusimama aseme hapana, na kitu hicho hakipimwi kwa idadi wala hakitolewi na cheti cha chuo. Shahada inamsaidia mchungaji kufundisha vizuri, na ningependa wachungaji wetu wote wasome. Haimfanyi akubali kukaguliwa.

Hata kuungana nako kunazungumzwa kama jambo jepesi. Chukua washirika wa kanisa hili uwapeleke kwenye kanisa kubwa mjini. Nauli ya daladala kwenda na kurudi kwa mama na watoto wanne ni fedha ya mboga ya siku mbili. Wazee wa Kigogo waliobatizwa hapa, wanaosali kwa Chigogo kwenye jumuiya za katikati ya wiki, watakuwa wageni. Mtunza hazina muuza dagaa hatapigiwa kura kwenye kanisa la watu elfu mbili lenye mhasibu. Kwa hiyo kile kilicholifanya kanisa hili liwe salama, yaani kwamba kila mtu anajulikana na kila mtu ana kauli, ndicho kitakachopotea kwanza kwa jina la usalama.

Kwa upande wa pili, wapo ndugu wa Kibaptisti wanaojibu kwa kusema: sisi kila kanisa ni huru, Katiba ya nchi inatulinda, asituulize mtu chochote. Ni kweli Ibara ya 19 ya Katiba inaweka shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na ni kweli Wabaptisti wamelipia uhuru huo kwa damu. Thomas Helwys, aliyewarudisha London baadhi ya wale wakimbizi wa Amsterdam, aliandika mwaka 1612 kwamba mfalme hana mamlaka juu ya roho za raia wake, wawe Wakristo, Waislamu au Wayahudi, akafungwa gereza la Newgate na kufia kifungoni. Lakini Helwys huyohuyo alikiri waziwazi kwamba katika mambo ya dunia hii, mali, mwili na usalama, mfalme anastahili kutiiwa. Kiwanja ni jambo la dunia hii. Fedha za watu, usalama wa jengo na ulinzi wa mtoto ni mambo ya dunia hii. Kutumia uhuru wa kanisa la mahali kama pazia la kuficha hati na mahesabu ni kuutumia kinyume na walioupigania.

Tena ukweli wa mambo ni kwamba tishio kubwa kwa kanisa hili halikutoka kwa mkaguzi yeyote. Lilitokana na karatasi. Kiwanja chake kilipatikana wakati eneo hilo lilikuwa kijiji: mwenye shamba akauza, mashahidi wakasaini, mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Kwa wakati wake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha, kila mtu alijua mpaka uko kwenye mbuyu. Wakati huo katikati ya mji CDA ilikuwa inapangisha viwanja kwa mikataba ya miaka 33, na huku pembeni hakukuwa na hati kabisa. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba serikali yote inahamia, Mei 2017 CDA ikavunjwa na majukumu yake kwenda kwa manispaa, Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji, na ardhi ambayo jana ilikuwa ya mtama na uwele ikawa inauzwa kwa mita ya mraba. Upimaji ukaja na swali ambalo kijiji hakikuwahi kuuliza: mmiliki ni nani?

Jibu la kisheria si jepesi kama waumini wanavyodhani. Jumuiya inasajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura 337, kwa Msajili aliye Wizara ya Mambo ya Ndani. Kumiliki ardhi kwa kudumu kunahitaji chombo chenye utu wa kisheria, na kwa makanisa mengi chombo hicho ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura 318. Kanisa la watu arobaini kwa kawaida halina bodi yake. Linategemea bodi ya umoja wa kitaifa. Hapo imani na sheria zinasuguana. Kwa mafundisho, washirika ndio wenye kanisa. Kwa hati, mwenye kiwanja ni bodi iliyo mkoa mwingine, ambayo wengi wao hawajawahi kuonana nayo. Wakati huohuo, kukwepa bodi kuna hatari mbaya zaidi. Katika kanisa jingine kiwanja kiliandikwa jina la mchungaji kwa sababu ndiyo ilikuwa njia ya haraka, na alipofariki watoto wake walikidai kama urithi. Kwenye karatasi walikuwa na hoja. Waliochangia matofali hawakuwa na chochote cha kuonyesha.

Ndiyo maana historia ya kanisa dogo siichukulii kama jambo la kupamba jubilei. Katika shauri la kiwanja, kaunta buku zile zimefanya kazi ambayo hakuna kitu kingine kingeifanya. Zinaonyesha kikao kilichoamua kununua, kiasi kilicholipwa kwa awamu, majina ya waliobeba maji ya kufyatulia matofali. Zinaonyesha pia lile birika la ubatizo la saruji nyuma ya jengo, ambalo mtu wa tathmini alitaka kuliandika kama shimo la takataka. Kabla ya birika hilo washirika walikuwa wanasubiri masika au wanakodi gari hadi bwawa la Hombolo, kwa sababu ubatizo wa maji mengi katika nchi yenye miezi saba ya ukame una gharama zake. Kikao kiliamua lijengwe, liwe linajazwa kwa madumu na baadaye kwa boza, na kila anayebatizwa achangie ndoo. Tarehe ipo, gharama ipo, jina la fundi lipo. Mbele ya afisa ardhi, ukurasa huo umesema mengi kuliko mahubiri ya kulalamikia dhuluma.

Sidai kwamba kaunta buku hizo ni takatifu. Kuna miaka kadhaa haina ukurasa hata mmoja, na ukiwauliza wazee wanakubali kwamba ilikuwa miaka ya ugomvi, ambapo katibu alijiuzulu na hakuna aliyetaka kuandika. Kuna uamuzi wa nidhamu dhidi ya binti mmoja ambao ukiusoma leo unaona alionewa, maana aliyempa mimba hakuitwa kikaoni. Kanisa linaloandika linaacha ushahidi dhidi yake lenyewe, na mimi naliamini zaidi kwa sababu hiyo. Kikundi kisichoandika chochote ndicho ambacho kila kitu kinaweza kusemwa juu yake, kizuri na kibaya, pasipo njia ya kuhakiki.

Kwa hiyo, halmashauri inapopitia makanisa ya kata inayopimwa, maswali yenye faida yanajulikana. Nani anaweza kumwondoa mchungaji wa hapa, na je, imewahi kutokea? Mapato na matumizi yanasomwa kwa nani, na yameandikwa wapi? Kiwanja kiko kwa jina la nani, na je, kinaweza kuuzwa bila washirika kukutana? Kanisa la watu thelathini linaloweza kujibu hayo kwa maandishi lina haki ya kupewa nafasi kwenye ramani sawa na la watu elfu tatu, na la watu elfu tatu lisiloweza kujibu ndilo la kufuatiliwa. Afisa wa jiji hahitaji kuhoji mafundisho ya mtu ili kuuliza hayo, na Ibara ya 19 haiguswi.

Wabaptisti nao wana kazi ambayo hakuna atakayewafanyia. Umoja wao na makanisa ya mahali wanaweza kuandikiana, kwa kila kiwanja, kwamba bodi inashika hati kwa niaba ya washirika na haitauza wala kuweka rehani bila azimio la kikao chao, kisha nakala zikae pande zote mbili. Kaunta buku za Dodoma, Manyoni, Mpwapwa na kwingineko zipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla mchwa na misiba havijazimaliza. Simu za vijana wa kwaya zinatosha kwa kazi hiyo. Barua za uhamisho ziendelee kuandikwa, maana wanaofika Mtumba na Ihumwa leo kwa ajira za serikali wako katika hali ileile ya waliofika wakati wa CDA. Na katibu wa lile kanisa la mashariki, ambaye hana msaidizi na amevuka miaka sabini, apatiwe kijana wa kukaa naye kila kikao, aanze kuandika kabla ya shauri la kiwanja kuitwa tena.